Mtoto wa jirani anahesabu mpaka mia, wangu "anacheza tu": nimhamishe kituo?

Swali: Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Tangu afikishe miaka miwili anashinda kwenye kituo cha kulelea watoto, maana mimi na baba yake sote tunafanya kazi. Wiki iliyopita mtoto wa jirani, wa umri uleule, alihesabu mpaka mia moja mbele ya wageni, kisha akaandika jina lake. Wangu anaishia kumi na mbili, tena akifika hapo anaweza kurukia kumi na tano. Nilipomuuliza mwalimu wake, alinijibu tu, "Hapa watoto wanacheza." Jioni narudi nimechoka, nina kama saa moja naye kabla hajalala. Nimnunulie vitabu vya mazoezi? Nimpe tableti yenye programu za masomo? Au nimhamishe kituo? – Mama wa Mmoja

Jibu: Mama wa Mmoja, nakuomba kwanza ufanye jaribio dogo jioni ya leo. Mwaga vijiko saba au vinane mezani, kisha umwambie binti yako: "Nipe vitatu." Usihesabu naye wala usimwoneshe vidole. Tazama mkono wake tu.

Akikuletea vyote vinavyoenea kiganjani, basi "tatu" kwake bado ni sauti tu, kama neno ndani ya wimbo. Akichukua kimoja, kimoja tena, kimoja tena, halafu akasimama mwenyewe, hapo tayari anahesabu. Mwanasaikolojia Karen Wynn alichapisha mwaka 1990 utafiti uliotumia ombi la namna hii, na alichokiona kinawashangaza wazazi mpaka leo: mtoto huielewa "moja" kwanza, akae nayo kwa muda, ndipo aielewe "mbili", kisha "tatu", na muda wote huo anaweza kuwa anaimba namba mpaka kumi bila kukosea. Kuimba ni jambo moja, kujua kwamba namba ya mwisho uliyoitaja ndiyo idadi ya vitu vilivyo mbele yako ni jambo jingine.

Simshushi mtoto wa jirani. Huenda anajua yote mawili. Ninachosema ni kwamba ile mia moja aliyoitamka mbele ya wageni haikuoneshi anajua nini, na wewe umelala na presha kwa sababu yake.

Tena sisi tunaozungumza Kiswahili tuna jambo letu ambalo vitabu vingi vya mazoezi havilioni. Vinamkaririsha mtoto "moja, mbili, tatu", lakini ndani ya nyumba anasikia vijiko viwili, watoto wawili, matunda mawili, nguo mbili. Inabidi agundue kwamba viwili, wawili, mawili na mbili ni idadi ileile iliyobadilisha vazi. Halafu akifika sita na saba, namba hazibadiliki tena, na nane inabadilika upya: vijiko saba, vijiko vinane. Hilo halifundishwi kwa kukariri. Linaingia kwa kugusa vijiko huku mtu akivitaja.

Kuhusu kuandika nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimewahi kukosea mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwashikisha penseli watoto wa miaka mitatu, kila asubuhi, wafuatishe nukta za herufi. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye kila nilipotoa madaftari aliomba kwenda chooni. Kila siku. Nilimshauri mama yake ampeleke akapimwe mkojo, na majibu yalikuja safi. Muhula ulikuwa umekaribia kwisha nilipong'amua kwamba mtoto haumwi kitu, anayakimbia madaftari yangu. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono, mtoto anapozaliwa, bado ni gegedu (kitu laini kinachonyumbuka, kama kile cha sikioni), na huendelea kukomaa kwa miaka mingi. Nguvu ya mkono huanzia begani, ikashuka kwenye kiwiko, ikamalizikia kwenye vidole. Mtoto anayekamua kitambaa chenye maji, anayebana nguo kwa vibanio, anayefinyanga udongo na kuchora ardhini kwa kijiti anajiandaa kuandika kuliko yule anayefuatisha nukta huku ameuma meno. Mwachie penseli na karatasi mahali anapozifikia. Akichora mikunjomikunjo akakwambia "hii barua", muulize inasema nini. Vitabu vya mazoezi vinaweza kusubiri.

Sasa nije kwenye saa yako moja, maana hapo ndipo penye uzito.

Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa Marekani. Watoto wachanga wa miezi tisa, ambao kwao kilizungumzwa Kiingereza tu, walikaa na mtu aliyewasomea na kucheza nao kwa Kichina cha Mandarin, vikao 12 vya kama dakika 25 kila kimoja. Masikio yao yakajifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Wengine walipewa maneno yaleyale, watu walewale, lakini kupitia televisheni. Hawakupata kitu. Mtoto mdogo anahitaji mtu anayemtazama, anayenyamaza akisubiri zamu yake, anayecheka pale yeye anapocheka.

Na si wingi wa maneno peke yake. Kwa miaka mingi tuliambiwa tuwamwagie watoto maneno, mengi iwezekanavyo, kutokana na utafiti wa Betty Hart na Todd Risley wa mwaka 1995 uliofuatilia familia 42 tu za Marekani, na ambao hesabu zake zimebishaniwa sana. Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake waliwarekodi watoto wa miaka minne hadi sita wakiwa nyumbani, kisha wakaupiga picha ubongo wao wakati wanasikiliza hadithi. Kilichokwenda sambamba na ubongo kushughulika zaidi katika sehemu za lugha kilikuwa idadi ya majibizano: mtoto aseme, mkubwa ajibu, mtoto aongeze. Wingi wa maneno aliyomwagiwa ulikuwa na uzito mdogo. Mzazi anayehutubia saa nzima anaweza kuwa anafanya kidogo kuliko mzazi aliyechoka anayeuliza swali moja na kungoja jibu.

Nitakupa mfano niliousikia kwa masikio yangu nyumbani kwa mama mmoja. Alikuwa anachambua nguo chafu, mtoto wa miaka mitatu amekaa juu ya rundo.

"Soksi hii kubwa."

"Kubwa ee. Ya nani?"

"Ya baba."

"Umejuaje?"

Mtoto akainusa. "Inanuka baba."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia, "Haya, mtafutie mwenzake." Mtoto akazama kwenye rundo akaibuka na soksi nyeusi, akazilinganisha, akaitupa, akachimba tena.

Hiyo ilikuwa kama dakika mbili. Humo ndani kulikuwa na ukubwa na udogo, umiliki, ushahidi (tena ushahidi wa kisayansi kabisa, wa pua), kulinganisha, na jozi, ambayo ni mlango wa hesabu. Mama hakuketi kufundisha. Alikuwa na nguo za kufua. Tofauti aliileta kwa neno moja, "Umejuaje?", na kwa kunyamaza baada yake. Maswali yetu mengi kwa watoto ni ya kuwatahini: hii rangi gani, ng'ombe analiaje, hizi ngapi. Mtoto anajua kwamba jibu unalo, kwa hiyo anakujibu kwa neno moja au anakutazama tu. Muulize jambo ambalo kweli hulijui, halafu hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kufungua mdomo tena. Utaona sekunde tano zilivyo ndefu. Ndizo anazohitaji kulitafuta neno.

Akikosea sarufi, usimkatize. Akisema "kikombe yangu imeanguka", mwitikie: "Aa, kikombe chako kimeanguka! Kimevunjika?" Amesikia umbo sahihi mara mbili, na mazungumzo hayakukatika. Ukimwambia "sema *kikombe changu*, rudia", atarudia, lakini kile alichotaka kukueleza kuhusu kikombe kimekwisha. Na kama nyumbani mna lugha mbili, zitumieni zote mbili kwa raha. Mtoto kuzichanganya si dalili ya kuchanganyikiwa. Zungumza naye kwa ile ambayo wewe unaweza kutania, kubembeleza na kukasirika ndani yake.

Kwa hiyo saa yako usiigeuze kipindi cha masomo. Mwingize mtoto ndani ya kazi ambazo utazifanya vyovyote vile: kupanga meza, kukunja nguo, kumwogesha. Bafuni kuna kikombe kinachozama na kifuniko kinachoelea, na swali "kwa nini?" ambalo hata wewe itabidi ulifikirie. Kazi itakwenda polepole, hilo siwezi kulificha, na kuna jioni utakuwa huna hata nguvu ya kuuliza. Jioni hizo mwache akae karibu nawe, inatosha. Na baba yake naye ana saa yake. Si lazima awe "anasaidia", huyo ni mtoto wake.

Kama una shaka kwamba saa moja yaweza kuleta chochote, fikiria Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 timu ya mtafiti Sally Grantham-McGregor iliwaandikisha watoto 129 wenye udumavu, wa miezi 9 hadi 24. Sehemu yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaa mara moja kwa wiki, saa moja, kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na mabaki ya nyumbani, akacheza na mtoto pamoja na mama, akamwonesha mama namna ya kuzungumza naye katika mchezo. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Saa moja ya mgeni kwa wiki isingefanya hayo peke yake. Siku sita zilizobaki mama ndiye aliyeendelea.

Kitabu cha hadithi, ndiyo, nunua au azima. Hata kimoja. Atataka kilekile kila siku na wewe utakichoka, lakini yeye kila siku anaona kitu kipya. Usikisome moja kwa moja kama taarifa ya habari. Grover Whitehurst na wenzake walionesha mwaka 1988 kwamba wazazi waliofundishwa kusimama katikati na kuuliza "unaona nini hapa?", "unadhani atafanya nini?", kisha kuliongeza jibu la mtoto, waliwasogeza mbele kilugha watoto wao wa miaka miwili ndani ya mwezi mmoja tu, kuliko wazazi waliosoma kama walivyozoea. Picha zikitosha, maneno ya kitabu yaache.

Na kabla ya herufi, kuna masikio. Kiswahili kimetupa zawadi hapa: silabi zake ziko wazi kama hatua za ngazi. Mpigie makofi jina lake, silabi moja kofi moja. Ki-ji-ko, makofi matatu. M-to-to, matatu pia, na ile *m* ya mwanzo iliyosimama peke yake inawachekesha sana. Kisha: "Nataja neno linaloanza na *ma*: maji. Wewe?" Akikupa "baba", cheka naye, mpe jingine. Mtoto anayesikia kwamba neno lina vipande, siku akikutana na *ba, be, bi, bo, bu* ubaoni atakuwa na mahali pa kuzitundika.

Tableti: hapana kwa sasa, walau si kwa kazi unayotaka kuipa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inasema mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asikae mbele ya skrini kabisa, vivyo hivyo wa mwaka mmoja, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Nawe una saa moja tu naye. Ukiitoa kwa tableti, umebaki na nini? Miongozo hiyohiyo inataka mtoto wa miaka mitatu alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, kwa hiyo usimkeshe ili mpate muda wa masomo. Akilala ndipo yale ya mchana yanapojipanga kichwani.

Sasa kituo. "Hapa watoto wanacheza" laweza kuwa jibu la mwalimu anayejua kazi yake vizuri sana, na laweza kuwa kisingizio cha kituo ambacho watoto wametupwa ukumbini na televisheni. Huwezi kujua mpaka uende. Omba ruhusa kazini asubuhi moja, fika katikati ya asubuhi bila kupiga simu, kaa pembeni nusu saa. Kituo kisichotaka mzazi akae nusu saa kimeshakujibu.

Usianze na kuta. Kuta zenye herufi za rangi zimepakwa kwa ajili yako wewe mlipaji. Sikiliza midomo ya walezi. Hesabu ni maneno mangapi ni amri – kaa, nyamaza, acha, foleni – na ni mangapi ni mazungumzo. Mtoto akilia, nani anakwenda, na anachukua muda gani? Anainama mpaka usawa wa macho yake, au anaita toka mbali? Je, vitu vya kuchezea viko chini, mtoto anapoweza kuchagua, au viko juu ya kabati vikiwa safi na vipya tangu kituo kifunguliwe? Michoro ya watoto ikifanana yote, jua limekaa kona ileile kwenye kila karatasi, basi aliyechora ni mwalimu. Angalia pia kama mlezi wa mtoto wako ni yuleyule kila siku. Na tazama idadi: mlezi mmoja na watoto arobaini, hata awe malaika, hawezi kufanya zaidi ya kuzima moto.

Mchezo wenye mtu anayeuangalia na kuuongezea swali una kazi kubwa. Pale Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, Marekani, kuanzia mwaka 1962, David Weikart na wenzake waliendesha programu ya chekechea ya Perry kwa watoto wa familia maskini. Utafiti ulihusisha watoto 123, takriban nusu yao ndani ya programu. Watoto walipanga wenyewe watakachofanya, wakafanya, kisha wakaeleza walichofanya, na walimu waliwatembelea nyumbani kila wiki. Jambo linalonivutia mimi ni hili: kule kuwatangulia wenzao kwenye vipimo vya akili kulififia ndani ya miaka michache. Lakini walipofuatiliwa mpaka wakiwa na miaka 40, walikuwa na kipato bora na walikamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Mashindano ya nani anahesabu mbali zaidi akiwa na miaka mitatu yangewahukumu vibaya.

Ukiona walezi wanaongea na watoto, na binti yako ana rafiki na mlezi anayemkimbilia, usimhamishe kwa sababu ya mia moja ya jirani. Kumwondolea mtoto wa miaka mitatu mtu aliyemzoea ni hasara, na atakulipisha kwa wiki kadhaa za vilio vya asubuhi. Ukiona amri tupu, televisheni, au mtoto anayeogopa kumsogelea mtu mzima, hamisha, wala usingoje mwisho wa muhula.

Kuna mambo ambayo kweli yangenifanya nikwambie nenda kwa daktari, nayo hayahusu kumi na tatu. Kwa umri wake, watu wasiomjua wanapaswa kumwelewa mara nyingi anaposema. Anapaswa kuunganisha maneno, kuuliza "nani", "wapi", "kwa nini", na kucheza pamoja na watoto wengine au kuwaiga. Kama hayo hayapo, au kama kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea, anza kwa kupimwa masikio. Barua yako hainipi sababu ya kudhani hivyo.

Jioni ukimchukua utamuuliza "leo mmefanya nini?" naye atasema "hakuna". Wote husema hivyo. Anza wewe: "Mimi leo nimemwaga chai juu ya karatasi za bosi." Kisha nyamaza. Mara nyingi atakuja na lake, na la kwake litakuwa refu.

Na vile vijiko: akikuletea vitano ulipoomba vitatu, usimwambie amekosea. Pokea, vipange mezani: "Kimoja, viwili, vitatu. Hivi vitatu vyetu: changu, cha baba, chako. Na hivi?" Mwache avirudishe mwenyewe. Kesho omba viwili.